Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Uuguzi, Kabla Hujasaini

Barua za safari hii zimetoka Marekani. Waswahili wengi huko wanapata riziki ndani ya nyumba za uuguzi, na sasa wengine wameanza kuwapeleka huko wazazi wao wenyewe.

Mama yetu, miaka 72, alipata kiharusi na upande wa kulia umelegea. Hospitali hapa Dallas, Texas, inasema baada ya siku mbili atatoka aende nyumba ya uuguzi na utengamao, yaani mazoezi ya kumrudishia uwezo wa mwili. Tumepewa karatasi yenye majina tisa. Moja ina nyota tano lakini ni mwendo wa dakika 50. Nyingine ina nyota tatu, dakika kumi tu kutoka nyumbani. Ndugu wamegawanyika. Tufanyeje?

Poleni sana kwa kuuguza. Kabla hamjagusa orodha hiyo, muulizeni daktari swali moja: je, mama anafaa kwenda hospitali ya utengamao badala ya nyumba ya uuguzi? Ni vitu viwili tofauti. Hospitali ya utengamao humfanyisha mgonjwa mazoezi kwa kawaida saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, na daktari yupo. Miongozo ya Marekani ya kiharusi inapendelea huko kwa mgonjwa anayeweza kuhimili. Familia nyingi hazitajiwi chaguo hilo kwa sababu hazikuuliza.

Ikiwa hafai au bima imekataa, rudini kwenye karatasi. Hospitali hairuhusiwi kuwachagulia, uamuzi ni wa mgonjwa na familia. Mwombeni ofisa ustawi wa jamii apeleke maombi nyumba tatu au nne kwa mpigo. Mkisubiri moja ijibu ndipo muombe nyingine, siku mbili zitakwisha na mama atapelekwa popote penye kitanda.

Sasa nyota. Zinatoka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa Care Compare wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, na mfumo wake umekuwapo tangu 2008. Msingi wake ni nyota za ukaguzi. Nyumba yenye nyota tano za saa za wauguzi huongezewa nyota moja, yenye nyota moja hupunguziwa. Vivyo hivyo kwa vipimo vya ubora. Maana yake nyumba ya nyota tatu kwenye ukaguzi inaweza kupanda hadi tano. Na sehemu kubwa ya vipimo vya ubora nyumba hujiripoti yenyewe: nani kaanguka akavunjika, nani ana kidonda cha mgandamizo, kile cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa. Mwanafunzi anayejisahihishia mtihani hakosi alama. Fungueni vipande vyote vitatu, msiishie kwenye jumla. Kumbukeni pia kwamba ukaguzi hupimwa ndani ya jimbo: asilimia 10 za juu hupewa tano, asilimia 20 za chini hupewa moja, waliobaki hugawana zilizo katikati. Nyota tatu za Texas hazilingani na tatu za jimbo jingine.

Kipande tunachokipa uzito zaidi ni saa za wauguzi kwa kila mkazi kwa siku, kwa sababu takwimu zake hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara. Tafuteni mstari wa wauguzi wasaidizi, yaani CNA, maana hao ndio watakaomgeuza mama, kumlisha na kumpeleka chooni. Tuseme imeandikwa saa 2.1 na nyumba ina wakazi 60. Hiyo ni saa 126 kwa siku, kama zamu 16 za saa nane. Zigawe: sita asubuhi, sita jioni, nne usiku. Asubuhi kila CNA ana wakazi kumi wa kuosha, kuvisha na kulisha. Usiku ana 15. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kabla ya kuamini kijitabu chenye picha za maua. Utafiti wa serikali wa 2001 ulitaja saa 4.1 kwa jumla, wauguzi wote pamoja, kuwa kiwango ambacho chini yake huduma huanza kudorora. Nyumba nyingi hazifiki. Saa za wauguzi waliosajiliwa nazo zisomeni kwa tahadhari, kwani humo huhesabiwa hata wa ofisini, akiwemo mkuu wa wauguzi.

Kisha tazameni saa za wikendi na kiwango cha wafanyakazi wanaoacha kazi kwa mwaka. Pengo kubwa kati ya siku za kazi na wikendi ni dalili mbaya kuliko ukosefu wa nyota moja.

Nendeni mara mbili: mara moja kwa miadi, mara ya pili Jumapili kama saa kumi na moja jioni bila taarifa. Mlangoni au karibu na dawati la wauguzi lazima pawe na karatasi ya idadi ya wauguzi wa zamu hiyo pamoja na idadi ya wakazi. Kama ina tarehe ya Alhamisi, mmeshapata jibu moja. Simameni kwenye korido, mtazame taa za kengele juu ya milango, mpime kwa saa ni dakika ngapi hadi mtu aingie. Angalieni jagi la maji: liko mkono unapofika, au limewekwa upande uliopooza? Sinia za chakula zinapoa mbele ya watu wasioweza kujilisha? Kwa wagonjwa wa kiharusi, mkono uliolegea unatakiwa uwe umeegemezwa kwenye mto, usining'inie kando ya kiti. Ukiona mfanyakazi anamnyanyua mtu kwa kumvuta mkono huo, ondokeni; bega la mgonjwa wa kiharusi huteguka kwa kuvutwa hivyo, na maumivu yake huzuia mazoezi kwa miezi. Mashine za kunyanyulia ziwepo pamoja na vitambaa vyake vya kubebea, za kutosha kwa kila wodi. Mashine moja kwa jengo zima ina maana watu watanyanyuliwa kwa mikono.

Ulizeni pia mtaalamu wa usemi na kumeza yupo siku zipi. Mama akipaliwa anapokunywa maji, huyo ndiye atakayeamua kama apewe vinywaji vilivyofanywa vizito. Anayekuja mara moja kwa wiki hatoshi. Na mkikutana na CNA, muulizeni kwa upole: "Leo una wangapi?" Katika miji mingi mtamkuta Mkenya au Mkongomani, na jibu la Kiswahili la koridoni lina ukweli kuliko la ofisini.

Kuhusu umbali: kama ya karibu ina saa nzuri za wikendi na haina makosa mazito kwenye ukaguzi, sisi tungechagua ya nyota tatu. Mgonjwa ambaye ndugu zake hupita kila siku kwa saa tofauti hugeuzwa, na vidonda huonekana vingali wekundu tu. Kila mkifika mkagueni visigino na sehemu ya juu ya makalio.

Baba kavunjika nyonga, kafanyiwa upasuaji. Tuliahidiwa mazoezi kila siku. Sasa anapata dakika 25, na siku nyingine wanakaa watu wanne kwa duara wakirushiana mpira. Ni halali?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Hadi Septemba 2019 Medicare ililipa kwa kufuata dakika. Daraja la juu kabisa lilikuwa dakika 720 kwa wiki, na baadhi ya nyumba ziliwasukuma hata wagonjwa waliochoka ili zifike. Kuanzia Oktoba 1, 2019 malipo hufuata hali ya mgonjwa. Dakika zimegeuka kuwa gharama, zikaanza kupungua. Mazoezi ya kikundi yanaruhusiwa, ila kikundi na yale ya wagonjwa wawili kwa mtaalamu mmoja, yakijumlishwa, hayatakiwi kuzidi asilimia 25 ya kila aina ya tiba.

Omba mpango wa tiba ulioandikwa: mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za baba peke yake. Halafu waombe wauguzi wampe dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi. Wagonjwa wa nyonga wengi huandikwa "amekataa mazoezi" kumbe ni maumivu tu.

Lakini utengamao mwingi hupotea nje ya chumba cha mazoezi. Baba akiamka usiku, anasindikizwa na gongo lake la kutembelea hadi chooni, au anavishwa pampasi aambiwe ajisaidie humo? Hatua 20 kwenda chooni mara nne kwa siku zina faida kuliko mpira ule. Omba jambo hilo liandikwe kwenye mpango wa huduma, si kwa mdomo.

Mimi ni CNA Minnesota. Wakaguzi wakija, sakafu inang'aa na hata wakubwa wanagawa chakula. Kwa nini tuamini ripoti zao?

Ukaguzi huja bila taarifa, lakini haupaswi kupitisha miezi 15 tangu ule uliopita, kwa hiyo nyumba hubahatisha majira yake na kujipanga. Ndiyo maana ripoti za malalamiko ni bora zaidi: huangukia siku yoyote. Kila kosa hupewa herufi, A hadi L. Kuanzia G mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha. Makosa kumi ya D na E si mazuri, lakini soma yanahusu nini. Lebo ya friji iliyokosa tarehe si sawa na dawa kupewa mtu mwingine. Na kosa lile lile likijirudia ukaguzi hadi ukaguzi, hapo kuna tatizo la uongozi. Kwenye Care Compare pia kuna alama mbili za kukimbiwa: pembetatu ya njano, ambayo ni ya nyumba zilizo chini ya uangalizi maalumu, na mkono mwekundu, ambao ni wa kesi za unyanyasaji. Ripoti ya mwisho inatakiwa iwe mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuiomba.

Shangazi alipopokelewa kwenye nyumba ya uuguzi nilipewa kurasa kama 60 nisaini hapo hapo. Nisaini yote?

Hapana. Tafuta karatasi mbili. Ya kwanza ni ile inayokufanya wewe mdhamini wa deni; sheria ya shirikisho inazuia nyumba kudai mdhamini ili impokee mgonjwa. Ukisaini kwa niaba yake, andika wazi kwamba wewe ni mwakilishi na malipo yatatoka kwenye mali yake. Ya pili ni makubaliano ya usuluhishi, yanayokuondolea haki ya kwenda mahakamani. Hayawezi kuwa sharti la kupokelewa, na hata ukishayasaini una siku 30 za kuyafuta.

Uliza pia kama hospitalini alilazwa rasmi au aliwekwa "chini ya uangalizi" tu. Ili ilipie nyumba ya uuguzi, Medicare ya kawaida inataka siku tatu za kulazwa rasmi. Zile za uangalizi hazihesabiki hata kama alilala kitanda kile kile na kula chakula kile kile. Mipango ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, ina masharti yake, na mara nyingi huhitaji kibali kwanza.

Bibi anaongea Kiswahili tu. Wauguzi humwita mpwa wangu wa miaka 12 atafsiri. Tufanye nini?

Kataeni leo. Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inawajibika kutoa mkalimani bure, na kumtumia mtoto hairuhusiwi isipokuwa kwa dharura. Mkalimani wa simu au wa video hupatikana kwa dakika chache, na Kiswahili kimo kwenye huduma nyingi za aina hiyo. Taja ni Kiswahili cha wapi, maana bibi wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaweza kupishana kwenye maneno ya mwili na maumivu. Wazee wetu wengi wakiulizwa hali husema "nzuri" hata wanapoumia, mwombeni muuguzi aulize "panauma wapi?"

Chakula nacho kiingizwe kwenye mpango: halali, uji asubuhi, nyama asiyokula. Mwombeni apimwe uzito kila wiki mwezi wa kwanza. Kupoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja, yaani kilo tatu kwa mtu wa kilo 60, ni jambo la kumwita daktari na mtaalamu wa lishe. Kusubiri "azoee mazingira" hakufai.

Siku ya 19 tumepewa barua kwamba Medicare inaacha kulipa keshokutwa kwa sababu baba "hapati nafuu tena". Ndiyo mwisho?

Si lazima. Medicare hulipa kamili siku 20 za kwanza. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50 kwa siku, isipokuwa kama bima ya pili inabeba. Kutopata nafuu peke yake si sababu halali ya kusimamisha malipo: makubaliano ya 2013 ya kesi ya mahakamani iitwayo Jimmo yalithibitisha kwamba huduma ya kitaalamu ya kumzuia mgonjwa asirudi nyuma nayo hulipiwa. Kwenye barua hiyo kuna namba ya simu ya kukata rufaa. Pigeni kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia ile ya kusitishwa. Mkichelewa, njia ya haraka imefungwa. Mwombeni daktari wa baba aandike kinachohitaji mtaalamu: kidonda cha upasuaji, hatari ya kuanguka, mazoezi yasiyoweza kufanywa na ndugu nyumbani. Na mpigieni ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi, wa huduma za muda mrefu wa jimbo lenu. Namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani ndani ya nyumba hiyo, na huduma yake ni bure.