Muda wa kujaribu michezo mipya ya kuigiza mezani: zitumie jioni zilizovunjika

Mkuu, umeuliza utapata wapi muda wa kujaribu michezo mingine ya kuigiza mezani (ile ambayo wachezaji wanakuwa wahusika wa hadithi wanayoitunga pamoja) wakati kundi lenu linakutana nyumbani kwako Jumapili moja kila wiki mbili, na hiyo Jumapili yote inaliwa na mchezo mmoja, Dungeons & Dragons. Waliotangulia kukujibu wamekushauri mtafute siku ya pili. Sikubaliani nao. Mtu mwenye watoto, kazi na foleni za Dar siku ya pili ataitoa wapi? Hata hiyo ya kwanza kaipata kwa kubembeleza.

Angalia siku ambazo tayari unazo na zinapotea. Kwetu kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayoendelea kikao hadi kikao, inaahirishwa kila mara: shemeji yuko msibani, mwingine kapangiwa zamu ya usiku, mwendesha mchezo (anayesimulia na kusimamia sheria) hajaandaa kitu kwa sababu wiki nzima alikuwa anafunga hesabu za ofisi. Zamani ujumbe ukiingia kwenye grupu kwamba fulani haji, kila mtu alibaki kwake. Siku hizi tuna makubaliano: akikosekana mmoja, waliobaki wanakuja saa ileile na tunacheza kitu kipya. Aliyekosekana hapitwi na hadithi ya kampeni, na mama watoto hana la kulalamikia maana jioni hiyo alishairuhusu.

Sharti ni kuwa na mchezo usiohitaji maandalizi. Ule wa kitabu cha kurasa 300 uache. Mimi huanza na Lasers & Feelings wa John Harper, uliotoka 2013. Sheria zote zimo kwenye ukurasa mmoja na unapatikana bure mtandaoni. Nyie ni wafanyakazi wa chombo cha anga, na kila mhusika ana namba moja tu, kati ya 2 na 5. Ukifanya jambo la ufundi au la akili tulivu, dadu inatakiwa itoke chini ya namba yako; jambo la hisia au ushawishi, itoke juu yake. Kwa hiyo mwenye 5 ni fundi hasa, lakini kumbembeleza mtu hawezi. Hata balaa la siku hiyo mwendesha mchezo analipata kwa kurusha dadu kwenye jedwali lililo kwenye ukurasa uleule. Na dadu zenyewe ni hizi za ludo, si zile za pande 20 ambazo duka la mtaani halijawahi kuziona. Shemeji yangu, ambaye hapendi kufundishwa kitu na mtu yeyote, alianza kucheza kabla sijamaliza kueleza.

Mkibaki wawili au watatu na jioni bado ndefu, chukueni The Quiet Year wa Avery Alder. Huu hauna mwendesha mchezo kabisa, na hapo ndipo uliponinasa. Mnahitaji karata za kawaida, karatasi kubwa, penseli, dadu chache na vitu vidogo vya kuhesabia. Kuna jamii iliyotoka vitani ikapata mwaka mmoja wa utulivu. Kila karata ni wiki moja, na mnachora ramani ya makazi yao kwa pamoja. Kopa, uru, maua na shupaza ni majira manne ya mwaka, kuishia kwenye baridi kali, na akitokea mfalme wa shupaza mchezo umekwisha hapohapo, mkiwa tayari msiwe tayari. Sisi baridi tuliiondoa tukapanga masika, kipupwe, vuli na kiangazi, hivyo mwisho wa mwaka visima vinakauka, na ugomvi wa maji mezani ulikuwa wa kweli kabisa. Unachukua saa 3 hadi 4, kwa hiyo msiuanze saa tatu usiku.

Wakikosekana wote, Ironsworn unachezwa hata na mtu mmoja, na kitabu chake cha PDF ni bure.

Mambo mawili ya haraka. Sheria asome mtu mmoja mapema (mimi husomea kwenye daladala), kisha afundishe mkiwa mnacheza. Kusomeana sheria saa nzima kunaua hamu. Na usitamke neno kampeni. Sema ni jioni moja tu, maana watu wengi hawaogopi mchezo mpya, wanaogopa kufungwa nao miezi sita.

Kuhusu hofu yako kwamba mwendesha mchezo wenu ataona mnamkimbia: mpeni nafasi naye awe mchezaji. Tafuteni Fiasco wa Jason Morningstar, wa watu 3 hadi 5, usio na mwendeshaji, unaohusu watu wenye tamaa kubwa na mipango mibovu. Toleo la kwanza, la 2009, linataka dadu nne kwa kila mchezaji, mbili za rangi moja na mbili za nyingine, basi kusanyeni za ludo za majirani. Mwendesha mchezo wa kwetu alicheza mwizi wa pikipiki anayeogopa mama mkwe wake, na siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuuliza kwenye grupu nani hatakuja Jumapili.