Maswali yenu: daktari wa simu shuleni

Barua nyingi safari hii zinahusu jambo moja: shule kumuunganisha mwanafunzi mgonjwa na daktari kwa video, kutoka chumba cha afya cha shule.

Mama wa mtoto wa Gredi ya 5, Kisauni: Nimeletewa fomu nikubali mwanangu atibiwe kwa video. Nitie sahihi?

Uliza kwanza, mama, ni nani atakayekuwa na mtoto chumbani. Daktari aliye mbali huazima mikono ya muuguzi. Kama yupo muuguzi mwenye kipimajoto, mizani na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, tia sahihi. Kama ni karani wa kushika simu tu, kataa mpaka wampate muuguzi.

Yapo yanayofaa sana. Choa huonekana vizuri kwa kamera. Macho mekundu yaliyotusumbua hapa Mombasa mapema 2024 vilevile: daktari huyatazama, humrudisha mtoto nyumbani asiambukize wenzake, na hakuna foleni ya hospitali. Mwenye pumu hutazamwa anavyovuta dawa yake, maana watoto wengi huivuta vibaya na wazazi hudhani dawa ndiyo haifanyi kazi.

Lakini homa haipimwi kwa macho. Malaria hutaka damu ya kidole. Anayemwandikia mwanao dawa ya malaria kwa kumtazama usoni, usimkubali. Na mtoto anayehema kwa shida, aliyezimia, au mwenye maumivu ya tumbo yanayozidi upande wa kulia chini, apelekwe hospitali mara moja, hata kama daktari bado yuko kwenye simu.

Baba, Likoni: Nani analipa?

Inategemea mkataba wa shule, nanyi wazazi mna haki ya kuusoma. Msiridhike na "bure" ya mdomo. Ulizeni kuhusu dawa na vipimo. Hakikisha pia mtoto ameandikishwa chini yako SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Mimi naitakia heri huduma hii hasa kwenu Likoni, kwa sababu kupoteza siku ya kibarua, kuvuka feri hadi hospitali ya Makadara ili kusomewa majibu tu, ni gharama kubwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Changamwe: Nataka kumuuliza daktari kuhusu hedhi yangu. Mwalimu au mama wataambiwa?

Umefanya vyema kuuliza, mwanangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwalimu hana sababu ya kukaa humo ndani. Omba mlango ufungwe na skrini isielekee dirishani.

Kuhusu mama, siwezi kukuahidi siri kamili. Ukiwa chini ya miaka 18, matibabu mengi huhitaji ridhaa ya mzazi, na ukisema kuna anayekudhuru, daktari hatanyamaza. Kwa hiyo muulize kabla hujaeleza lolote: "Kipi kitabaki kati yetu?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Na ukiogopa nyumbani au shuleni, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, usiku na mchana.

Mwalimu, Jomvu: Intaneti yetu hukatika. Tuache?

Msiache. Simu ya kawaida na picha iliyotangulia kutumwa hutosha kwa mengi. Picha ipigwe karibu na dirisha, sura ya mtoto isionekane pasipo haja, na itoke kwenye simu ya shule, si yako yenye makundi ya WhatsApp. Muuguzi aandike maagizo daftarini, kisha amsomee daktari kabla ya kukata. Nambari ya gari la kukimbiza mgonjwa hospitali ibandikwe ukutani hapo hapo.