Kabla hujachanganya dawa, geuza jani kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza sisi tunaopanda viungo nyumbani, mrehani, mnanaa, giligilani na wenzake, tunapambana vipi na wadudu na magonjwa bila sumu za dukani. Mi niko Dar, napanda uwani kwenye ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa, na najua wengi wataleta resipe za dawa, kitunguu saumu na pilipili, mwarobaini, sabuni, sawa, nyingine hata mimi natumia. Ila msimamo wangu ni huu, kiungo ni jani ambalo jioni hiyo hiyo unalikatakata bichi juu ya kachumbari au unalitumbukiza kwenye chai ya mtoto, kwahiyo chochote ulichopuliza pale, kiwe cha asili kiwe cha kiwandani, umekila. Kwangu mimi maji kwanza, mkasi unafuata, kupuliza dawa ni mwisho kabisa.

Na kabla ya hayo yote geuza jani uangalie chini. Watu wanaangalia juu tu, wakati karibu kila shida inaanzia chini ya jani.

Tuanze na vidukari, wale wadudu laini wa kijani au weusi wanaojazana kwenye ncha changa. Unasikia mtu anasema juzi hapakuwa na kitu leo mmea umejaa, na ni kweli kabisa, kwasababu kidukari jike hahitaji dume, anazaa watoto hai moja kwa moja bila hata kutaga mayai, na kwenye joto kama letu yule mtoto baada ya wiki hivi na yeye anazaa. Kwahiyo ukichelewa umechelewa kweli. Ninachofanya nashika tawi kwa mkono mmoja, mkono mwingine mpira wa maji, napiga kwa nguvu kiasi chini ya majani, wanaporomoka, na wengi wakishaanguka hawapandi tena. Narudia kila baada ya siku mbili tatu mpaka nione wameisha. Muhimu ifanyike asubuhi ili majani yakauke mapema, sababu yake nitaieleza huko mbele kwenye ugonjwa wa mrehani.

Halafu angalia sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina ujue juu kuna vidukari au vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, maana hawa wanatoa kimiminika kitamu ambacho sisimizi wanakipenda, na sisimizi nao wanawalinda dhidi ya wadudu wanaotaka kuwala. Hicho kimiminika kikikaa kwenye majani ndio kinaota yale masizi meusi. Sasa unaweza kuosha vidukari mwezi mzima, kama sisimizi bado wapo unafanya kazi bure. Mimi ndoo zangu zipo juu ya meza, na miguu ya meza nimeisimamisha kwenye makopo yenye maji, vilevile bibi zetu walivyokuwa wanafanya kwenye kabati la chakula, ila hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta maana watatengeneza daraja, na maji yabadilishe kila baada ya siku chache mbu wasizaliane humo.

Kuna kitu kingine naomba sana watu wakijue. Ukiona kati ya vidukari kuna vilivyovimba, vikavu, rangi ya hudhurungi, vingine vina kitundu cha duara mgongoni, TAFADHALI usipulize kitu chochote! Hivyo vimetagiwa yai na nyigu wadogo mno, hawa hawaumi watu, yai limeanguliwa ndani na mtoto wa nyigu amemla kidukari kutokea humo humo. Maana yake kazi inaendelea yenyewe. Na wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi waache pia, wao na watoto wao wote wanakula vidukari. Ndio maana giligilani yangu ikikimbilia kuchanua, na kwa joto hili lazima ikimbilie, siing'oi yote, naacha mashina mawili matatu na vile vimaua vyeupe, nyigu hao na nzi fulani wanaoelea hewani wanakuja kunywa pale halafu wanataga kwenye vidukari vya jirani.

Maji yakishindwa ndio nachukua sabuni, sabuni ya kipande, sio ile ya unga ya kufulia maana ya unga ina makemikali mengine yanayounguza majani. Nakwangua kijiko cha chai kwenye lita moja, najaribu jani moja kwanza, kesho yake likiwa zima ndio napuliza mmea wote jioni jua likishapoa, na asubuhi nasuuza. Sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu, ikikauka haina kazi tena, kwahiyo usipofika chini ya jani umepoteza muda. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huku kwetu ni mengi, sabuni inagandana tu haifanyi kitu, tafuta maji ya mvua.

Mwarobaini. Naupenda lakini unatumiwa vibaya. Watu wanachemsha majani wakati nguvu kubwa iko kwenye mbegu, na kuchemsha kunapunguza hiyo nguvu. Okota zilizoanguka, osha nyama, anika kivulini, zenye ukungu tupa, menya, twanga, gramu 50 kwenye lita moja ya maji ya kawaida, iache iloweke usiku mmoja, chuja kwa kitambaa. Puliza jioni kwasababu jua linaivunja haraka. Na usitegemee wadudu wafe hapo hapo, inawakatisha hamu ya kula na inaharibu ukuaji wao, kwahiyo subiri siku kadhaa. Kwenye viungo mimi naitumia kwa mmea ambao nimeshaukata wote na nasubiri uchipue, sio kwa majani ninayotaka kuchuma wiki hiyo, yanakuwa machungu. Mbegu na mafuta yake weka mbali na watoto.

Ila kuna za asili ambazo nazikataa kabisa. Maji ya tumbaku, hapana! Nikotini ni sumu kali, inapita hata kwenye ngozi ya mikono yako wakati unachanganya, halafu unaenda kuweka kwenye majani ya saladi? Utupa nao, ule wanaovulia samaki, hapana. Pareto inayolimwa nyanda za juu kusini ni nafuu kwa binadamu lakini haichagui, itaua vidukari na nyuki na wale nyigu wako wote. Neno asili lisikutulize, hata sumu nyingi zinatoka kwenye miti.

Sasa magonjwa, na hapa nataka niseme zaidi kuhusu mrehani kwasababu naona wengi wanaukosea. Majani yanaanza kuwa ya njano mabaka mabaka yaliyozuiwa na mishipa ya jani, mtu anasema mbolea imeisha, anaongeza samadi, na mbolea ikizidi majani yanakuwa laini ndio wadudu wanazidi kufurahi. Geuza jani. Ukiona vumbi la kijivu kama lina uzambarau chini yake, huo ni ubwiri vinyoya. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Afrika Mashariki, Uganda, miaka ya 1930, ukapotea masikioni mwa watu mpaka 2001 ulipoibuka Uswisi, 2007 ukaingia Florida Marekani, na sasa wakulima wa mrehani duniani kote wanahangaika nao. Vijidudu vyake vinazaliana usiku, gizani, kukiwa na unyevunyevu, na vinahitaji jani lililolowa kwa masaa kadhaa ili viingie. Kwahiyo kumwagilia jioni juu ya majani ni kuvikaribisha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, achanisha ndoo upepo upite, na masika ikianza hamishia upenuni. Ukishaingia hakuna dawa ya jikoni itakayouponya, mi sijadanganyika na magadi wala kitunguu. Chuma majani mazima yote siku hiyo hiyo, hayana madhara kwa mlaji, halafu funika mmea kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuung'oa ili lile vumbi lisipeperuke kwa majirani, funga, tupa. Mrehani wenye majani mapana laini ndio unashambuliwa zaidi, ule wenye harufu ya ndimu na mtulasi unavumilia.

Kinyausi, yaani miche kuoza shina pale chini na kuanguka, kwenye giligilani kinaletwa na maji mengi na mbegu zilizobanana, punguza vyote viwili. Konokono nawaokota usiku kwa tochi na glavu, majivu yanasaidia mpaka yaloane tu, na majani waliyopita osha vizuri maana wanabeba minyoo.

Mnanaa ukipata kutu, yale madoa ya rangi ya machungwa chini ya jani na mashina yaliyopinda, kata wote mpaka chini na uchome mabaki, usiyaweke kwenye mboji. Ukichipua tena na kutu, chimba mizizi, osha udongo wote, iloweke kwenye maji ya nyuzi 44 kwa dakika 10, kuna vipimajoto vya jikoni vya bei ndogo tu, usikadirie kwa kidole maana yakizidi unaipika mizizi na yakipungua kutu inabaki. Kisha itumbukize kwenye maji ya baridi na uipande kwenye ndoo nyingine yenye udongo mpya.