Kiharusi cha Kijana Asiye na Shinikizo la Damu

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 27, alipatwa na kiharusi kilichompooza mkono wa kulia na kuvuruga usemi wake. Havuti sigara, shinikizo la damu, sukari na moyo wake havina kasoro. Sasa tumeambiwa kwamba homosisteini katika damu yake imefika 180. Akiwa mtoto alifanyiwa upasuaji kwa sababu lenzi za macho zilikuwa zimehama. Je, mambo haya yanahusiana?

JIBU: Poleni sana. Kwa maelezo yako, yaelekea yanahusiana, nawe umefanya vyema kutaja macho, kwa maana habari hiyo ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Homosisteini hutokana na methionini, sehemu mojawapo ya protini tunazokula. Kwa kawaida kimeng'enya kinachosaidiwa na vitamini B6 huigeuza kuwa kitu kingine kisicho na madhara. Mtu aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia hukosa kimeng'enya hicho, au hubaki nacho kidogo mno, hivyo homosisteini hurundikana, huudhuru utando wa ndani wa mishipa na kuifanya damu igande upesi. Nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho nazo hulegea. Ugonjwa huu huitwa homosistinuria. Kiwango cha kawaida hakizidi takriban maikromoli 15 kwa lita, ilhali mgonjwa asiyetibiwa mara nyingi huvuka 100. Upungufu wa vitamini B12 au foleti, na hata ugonjwa wa figo, huweza kukipandisha kiwango hicho, lakini hauhamishi lenzi. Mwombeni daktari wake apime methionini pamoja na jeni zenyewe.

Linalonipa matumaini ni kwamba tiba ipo. Takriban nusu ya wagonjwa hunufaika na vitamini B6 ya kiwango kikubwa, pamoja na foleti na B12. Wengine huhitaji mlo wenye methionini kidogo na dawa iitwayo betaini. Tafadhali msimnunulie B6 kwa kukisia, kwani ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva.

Kwa wasomaji wengine wenye kijana aliyepata kiharusi kisichoelezeka, dalili za kutazama hutofautiana. Maumivu ya kuunguza mikononi na miguuni tangu utotoni, kutotoka jasho na protini katika mkojo huelekeza kwenye ugonjwa wa Fabry, ugonjwa mwingine wa kurithi. Uziwi, kisukari na kifafa katika ukoo wa mama huashiria hitilafu ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), ambayo huleta mashambulizi yanayofanana na kiharusi ingawa hakuna mshipa mkubwa ulioziba.

Ikithibitika kwamba mdogo wako ana homosistinuria, kila ndugu wa baba na mama mmoja, wewe ukiwemo, ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa nayo. Pimeni homosisteini nyote, hata asiye na dalili yoyote, kabla damu haijaganda.