Maharage: hesabu kuanzia mwisho wa mvua

Tangu niweke picha ya magunia ya msimu huu, swali ni lile lile: "Ulitumia mbolea gani?" Poleni, mbolea ni ya miaka yote. Nilichobadilisha ni tarehe ya kupanda, na tarehe hiyo ilinifanya nichekwe.

Mvua zilipoanza, majirani wote walifukia mbegu wiki ile ile. Shamba langu nililima, nikaliacha wazi. Kuna aliyeniuliza mbele za watu kama nimeishiwa mbegu. Nilicheka nao, ila neno lile bado ninalo moyoni. Wao waliona mvivu, kumbe mwenzao nahesabu kurudi nyuma. Maharage mafupi hukomaa kati ya siku 70 na 90, na maua huanza kuonekana karibu na siku ya 40. Mvua zangu hukatika lini najua, maana huziandika kwenye daftari kila mwaka. Nilitaka maua yakute udongo una maji, kisha maganda yakauke mvua zikiwa zinaaga.

Maharage yao yaliota vizuri kuliko yangu, sikatai. Lakini mvua kubwa zilikuta majani yameshasongamana, magonjwa ya kutu na chule yakaingia. Yaliyopona yakakomaa kungali kunanyesha, punje zikaanza kuota ndani ya maganda. Yangu niliyang'oa juani na kuyapura makavu. Aliyeniuliza habari za mbegu alikuja kuomba za kupanda msimu ujao. Nilimpa.

Sasa msije mkachelewa tu kwa kuniiga! Ukipitiliza, inzi wa maharage wanakusubiri, na funza wao huingia kwenye shina la mche ungali mchanga. Mvua nayo ikikatika maganda yanajaza, utavuna punje zilizosinyaa. Tena kuna joto: likizidi nyuzi 30 wakati wa maua, na usiku usipoze, maua hupukutika, na hapo hakuna mbolea itakayoyarudisha. Ndiyo maana hata mimi sipandi shamba zima siku moja. Kipande hiki leo, kile wiki ijayo.

Wakulima tunapenda kuchungulia kwa jirani kuliko kutazama udongo wetu. Acheni! Jirani naye anamchungulia mwingine. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, litege mahali pa wazi, kila asubuhi pima maji kwa rula, uandike, umwage. Maharage yanataka kama milimita 300 hadi 500 kwa msimu, zije kwa kugawanyika, si zote kwa mkupuo. Bila daftari unabahatisha, hata ukinunua mbegu bora namna gani.

Na wewe uliyenitumia ujumbe jana usiku ukitaka nikuchagulie mbegu, nitakujibu. Kwanza niambie mvua za kwako hukatika mwezi gani.