Mabomba yasiyo na tii

Mhariri, mmeuliza wiki hii ni mchezo gani wa kompyuta au simu ambao umemshinda msomaji kuuacha. Wangu ni ule wa kuunganisha mabomba. Na kazi yangu ni fundi wa mabomba. Haya, chekeni.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Ulitoka 1989 kwa jina la Pipe Mania, kazi ya Waingereza. Marekani uliuzwa kama Pipe Dream, na baadaye ukaingia hata kwenye Game Boy ya mkononi. Mimi nilikutana nao kwenye saiba hapa Kisumu nikingoja kuchapishiwa kwotesheni. Siku hizi ninao wa aina hiyohiyo kwenye simu.

Unapewa kiwanja cha miraba. Kando, vipande vimepanga foleni: vilivyonyooka, elbo za kupinda kona, na krosi ambamo njia mbili zinakatizana. Huchagui wala hugeuzi. Kilicho mbele ndicho unachoweka. Muda ukiisha maji yanafunguliwa, nawe unatandika paipu mbio yasikupate. Ukikosea unaweza kufunika kipande kwa kingine, mradi maji hayajakifikia, ila alama zinakatwa.

Nina manung'uniko yangu. Hakuna tii, kile kiungo cha njia tatu chenye umbo la T! Nyumba gani ina bomba moja lisilogawanyika? Na ile krosi: maji yanapita kushoto kwenda kulia, yanazunguka, yanarudi kupita palepale juu kwenda chini, hayachanganyiki, na bado unaongezwa alama. Nikifunga hivyo mtaani Nyalenda nitafukuzwa kwa mawe.

Lakini foleni ile naijua. Unataka elbo ya nusu inchi, duka zima lina za robo tatu, na mteja anataka kuoga. Kuna siku nilikuwa chini ya sinki Milimani, tepu ingali mdomoni, nikamsikia mama mwenye nyumba kule nje: "Fundi, nimefungua kidogo tu nione." Kidogo! Nilitoka pale nimelowa hadi soksi. Kwenye mchezo angalau unahesabiwa sekunde, kisha unayaona maji yakija polepole, mraba baada ya mraba.

Jumanne nilipanda matatu kwenda Kondele. Krosi tatu zikafuatana na mimi nangoja elbo moja tu. Konda akanigusa bega: "Mzee, hapa ni Mamboleo. Unarudi na sisi ama?"

Nikamwambia angoje kidogo, maji yamefika kwenye kona.