Mafuta kwanza, puli baadaye: kwa mnaoanza kuiongezea nguvu MINI Cooper S yenye supachaja

Kila kijana anayeniletea MINI Cooper S ya R53 (jina la kiwandani la hiyo yenye supachaja) huanza na puli, yaani gurudumu la mkanda linalozungusha supachaja, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini; puli ikiwa ndogo, supachaja hukimbia zaidi. Aweke iliyopunguzwa kwa asilimia 15 au 17? Mimi humjibu kwa swali jingine: pampu ya petroli na nozeli zinazoinyunyiza, ulizo nazo, zinatosha kwa hewa unayotaka kuisukuma humo ndani? Kama hujui, puli iache kwenye boksi lake.

R53 ni shule nzuri ya kuanzia kwa sababu haina mambo mengi. Gari limeunganishwa Oxford, Uingereza, injini ya Tritec ya lita 1.6 imetoka Brazil, na juu yake kuna supachaja ya Eaton M45. Ilianza na farasi 163, ikaja ya 170, na toleo la John Cooper Works likafika 210. Hebu tazama kiwanda chenyewe kilivyofika hapo 210: puli ndogo, ndiyo, lakini pamoja nayo nozeli za 380 cc kwa dakika, kichwa kilichofanyiwa kazi, ekzosi na programu mpya ya kompyuta. Watu hunakili puli, mengine wakayaruka.

Sasa kuna jambo moja la supachaja ya mkanda ambalo aliyezoea tabo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi, halioni mapema. Puli inazungushwa na krenki, shafti kuu ya injini, kwa mkanda, kwa hiyo busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa, hupanda pamoja na mizunguko na kufika kilele karibu na mstari mwekundu, kikomo cha mizunguko. Maana yake ni kwamba upungufu wa mafuta hujificha. Utaendesha mjini mwezi mzima kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gari liko safi, halisiti wala halitoi moshi. Siku utakayolivuta mpaka 6,800 ndipo petroli inaposhindwa kutosha huku hewa ikizidi kuingia. Injini hiyo haitakupa onyo la sauti unaloweza kulisikia ukiwa ndani na redio inaimba.

Na asilimia za puli zinadanganya kidogo. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 15, supachaja haiongezi kasi kwa 15 bali kwa karibu 17.6, kwa kuwa ni 1 gawanya kwa 0.85. Ya 19 inakupeleka zaidi ya 23. Sehemu ya nyongeza hiyo si nguvu, ni joto, maana M45 ni ya aina ya Roots na ikikimbizwa sana huipika hewa. Intakula, kipoza hewa, ya R53 imekaa juu ya injini, inategemea upepo wa tundu la boneti. Kwenye foleni ya Mombasa saa nane mchana upepo huo haupo. Binafsi kwa gari la kila siku naishia 15.

Tuje kwenye hesabu. Injini yenye supachaja hula petroli zaidi kwa kila farasi kuliko ya kawaida, kwa sababu baadhi ya nguvu inayozalishwa huliwa na supachaja yenyewe kabla haijafika kwenye gurudumu. Makadirio ninayotumia ni cc 6.3 kwa dakika kwa kila farasi. Unataka 210? Zidisha: cc 1,323. Gawa kwa nozeli nne, unapata kama 331. Lakini nozeli haitakiwi kukaa wazi muda wote, kwa hiyo gawa tena kwa 0.85, unafika 389. Kiwanda kiliweka 380. Penseli haiko mbali. Ukitaka 240, hesabu hiyohiyo inakupa kama 445. Usirukie za 600 eti ubaki na akiba. Nozeli kubwa mno zinasumbua injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, kwa sababu muda wa kufunguka unaohitajika ni mfupi mno na kompyuta inashindwa kuupima vizuri. Gari litanuka petroli kwenye kila taa nyekundu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji nozeli hizo zilipimwa kwa presha gani. Namba 380 bila presha haina maana. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha: ukipandisha kutoka baa 3.0 hadi 3.5 unapata kama asilimia 8 zaidi, na kutoka 3.5 hadi 4.0 kama 7 tu. Ndiyo maana kukaza presha peke yake si dawa ya nozeli ndogo.

Hapo pia ndipo regulata, kidhibiti cha presha ya petroli, inapowachanganya wengi. Kwenye R53 imo ndani ya tangi, pamoja na filta, chini ya kiti cha nyuma. Katika gari lolote, regulata isiyoletewa mpira wa hewa kutoka manifoldi ya kuingizia hewa haijui kama kuna busti. Ukiwa na baa 3.5 kwenye reli (bomba linalogawia nozeli petroli) na busti ya baa 1 upande wa pili wa nozeli, kinachosukuma mafuta ni 2.5 tu, na nozeli ya 380 inatoa kama 320. Basi usikisie. Funga geji kwenye reli, ipitishe mahali utakapoiona, na usome gari likiwa na mzigo. Presha ikishuka kadiri mizunguko inavyopanda, tatizo ni pampu, filta au umeme. Nozeli hazihusiki bado.

Kuhusu pampu nitakuwa mkali kidogo. Vijana hununua ya lita 255 kwa saa kabla hawajaipima waliyonayo. Zile cc 1,323 za farasi 210 ni lita 79 kwa saa, ingawa kila pampu hutoa pungufu presha inapopanda. Pampu nzima ya kiwandani ina nafasi. Iliyochoka kwa miaka na petroli chafu haina. Chukua mita, pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe injini ikiunguruma. Betri ikionyesha 14 na pampu ikipata 12, volti mbili zimepotea kwenye rilei, kwenye nyaya au kwenye ethi iliyoshika kutu, na pampu mpya utakayoifunga hapo itachoka vilevile. Filta nayo badilisha bila mjadala. Gari likiwa limetoka Japani kisha likapita mikononi mwa watu watatu, hakuna aliyewahi kufungua kile kiti.

Sensa ya oksijeni ya kawaida inajua kitu kimoja: kama uko juu au chini ya 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho haikusaidii. Lazima ufunge ya waidibendi, inayosoma uwiano wenyewe. Injini ya namna hii chini ya busti kamili naitaka kati ya lamda 0.78 na 0.82 (lamda 1 ni ule uwiano wa 14.7; namba ikipanda, petroli inapungua), yaani karibu 11.5 hadi 12 kwa petroli.

Hebu nikuonyeshe rekodi moja. Gari lilikuja kwetu Mombasa kutoka Nairobi, puli ya 15, nozeli za kiwandani, faili la kununua, yaani programu ya kompyuta iliyotengenezwa tayari. Mwenyewe alisema liko vizuri ila "linachoka juu". Gia ya tatu: kwa mizunguko 4,500 lamda 0.80, vizuri kabisa. Kwa 5,500, 0.82. Kwa 6,300, 0.88. Kabla ya 6,800 ikagusa 0.94, na taimingi, wakati wa cheche, ikawa inarudishwa nyuma na sensa inayosikia injini ikigonga. Sasa tazama muda wa nozeli. Kwa mizunguko 6,000 kila nozeli ina milisekunde 20 toka duru moja ya kazi hadi nyingine. Kwa 6,800 zinabaki 17.6. Rekodi ilionyesha nozeli inaamriwa ifunguke milisekunde 17.4. Imekwisha, hakuna pa kwenda. Tulipofungua plagi, kaure yake ilikuwa na madoa meusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa, na hapa na pale chembe zinazong'aa. Hizo zinazong'aa ni alumini ya pistoni.

Aliyelitengeneza Nairobi si lazima alikuwa mzembe. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya la pwani. Supachaja inazidisha kile inachopewa. Shuka na gari hilohilo kupitia Voi hadi baharini, na kila mzunguko unaingiza hewa zaidi kwa karibu moja ya tano, hata ukitoa kiasi fulani kwa ajili ya joto letu. Nozeli iliyokuwa wazi asilimia 83 ya muda kule inagonga 100 huku. Kwa hiyo ukifanyia kazi bara, acha nafasi: usikubali zaidi ya asilimia 70 kama mteja ana ndugu Kilifi. Na tyuni kwa petroli ambayo mteja ataijaza kila wiki, si ile nzuri uliyoiweka siku ya kupima.

Plagi weka za baridi, yaani zinazopoa upesi zaidi, kwa hatua moja, kutoka namba 6 ya NGK kwenda 7.

Jambo moja nje ya mafuta, kwa sababu linaua R53 nyingi kuliko nozeli. Pampu ya maji ya injini hii inazungushwa na gia za supachaja. Oili ndani ya supachaja ikikauka, gia zinakwisha, maji yanasimama, na gasketi ya kichwa inaondoka. Ukishaamua kufungua kubadilisha puli, hakikisha oili hiyo pia, kwani ukiongeza kasi kwa asilimia 17 gia hizo zinafanya kazi zaidi.

Siku ya kuwasha, paka oili ringi za mpira za nozeli ili zisikatike zinapoingia. Washa swichi mara mbili bila kupiga stata, reli ijae, kisha pitisha kidole kavu chini ya kila nozeli. Kizima moto kiwe karibu, si kwenye stoo. Ukiwa na faili jipya ambalo bado linamimina sana, baada ya saa chache za kazi chomoa dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli, mwaga uweke mpya kabla hujalivuta tena hadi juu.